Mswada wa Amani na Jicho la Kamera: Utabaka Ambao Wahakiki Hawautazami

Imekuwa ada miongoni mwa wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kulitafuta suala la utabaka ndani ya jalada la kitabu na kutolitafuta mahali pengine. Mhakiki huifungua riwaya, akawapanga wahusika katika safu mbili, wanyonyaji upande huu na wanyonywaji upande ule, akataja visa vitatu vinavyothibitisha mgongano wao, kisha akaifunga riwaya na kuandika kwamba mtunzi ameisawiri jamii yake kwa ufanisi. Mkabala huu ulianza kwa heshima kubwa. Wahakiki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa miaka ya 1970, walioutia Umaksi katika uhakiki wa Kiswahili, walitaka kujua fasihi inamtumikia nani. Swali hilo lilikuwa na meno. Kadiri lilivyopitishwa katika miongozo ya shule na tasnifu za uzamili, meno yaling'oka moja baada ya jingine, hata kikabaki kijisehemu katika sura ya nne chenye anwani "Maudhui ya Utabaka".

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba utabaka si maudhui tu, bali ndio mazingira ambamo kazi ya sanaa hupatikana au hukosekana. Nani anaandika, kwa muda wa nani, juu ya karatasi iliyotoka wapi, na jina la nani litapigwa chapa jaladani? Mtengenezaji filamu huyajua maswali haya kabla hajawasha kamera, kwa kuwa sanaa yake haimruhusu kuyasahau. Mhakiki wa riwaya huyasahau bila taabu. Eneo la Bungoma na Kitale, ambako Ken Walibora alizaliwa, akakulia na hatimaye akazikwa mwaka wa 2020, linafaa kuwa uwanja wa kuijaribia hoja hii, kwa sababu riwaya yake mashuhuri imeubeba ushahidi wote na wahakiki wameupita kama mpita njia anavyopita mawe.

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) Amani ni mchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Ni kijana aliyesoma na mwenye kipaji cha kuandika. Mswada wake umeibwa na kuchapishwa kwa jina la Mwalimu Majisifu, nduguye Mtemi, mlevi anayesifiwa kuwa mwandishi mkubwa. Riwaya hii ilipokuwa kitabu teule katika shule za upili za Kenya, kizazi kizima cha watahiniwa kilijifunza kuutaja wizi huo kama mfano wa "ufisadi" au "unafiki", sambamba na unyakuzi wa ardhi unaotendwa na Mtemi. Miongozo mingi haikwenda mbele zaidi. Mtemi alionekana kuwa ndiye kiini cha dhuluma, na Majisifu akawa kichekesho cha pembeni.

Usomaji huo umepindua mambo. Mtemi anapora ardhi, jambo ambalo watemi wamelifanya tangu zamani na ambalo kila msomaji wa Trans Nzoia analijua bila kufunzwa na riwaya. Majisifu anapora kazi ya akili, na anaweza kufanya hivyo kwa sababu moja tu: baina ya mchungaji na mwalimu mwenye jina, hakuna atakayeamini kwamba mchungaji ndiye aliyeandika. Wizi huu hauhitaji bunduki wala hatimiliki ya bandia, kwani unategemea imani ya jamii nzima kuhusu ni mtu wa sura gani anayeweza kuwa mtunzi. Tena mswada ulioibwa unaitwa Kidagaa Kimemwozea. Msomaji anayeishika riwaya ya Walibora ameshika, kwa jina, mali ile ile iliyoporwa. Ni ajabu kwamba mbinu hii hutajwa darasani kwa ajili ya maelezo ya "anwani na ufaafu wake", kisha mwalimu akaendelea na methali.

Kisa cha mswada ulioibwa hakikuanzia Sokomoko. Mwaka wa 1956 Sembène Ousmane wa Senegali, ambaye alikuwa kuli katika bandari ya Marseille, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir. Mhusika mkuu wake, Diaw Falla, ni kuli mweusi anayeandika riwaya. Mwandishi wa Kifaransa anaichapisha kwa jina lake mwenyewe na kutuzwa. Falla anaposema kitabu ni chake, hakuna anayemsadiki. Hapa hakuna haja ya kudai kwamba Walibora alimwiga Sembène. La muhimu ni kwamba watunzi wawili, kila mmoja katika bara la wasioaminiwa, walikitazama kitendo kile kile wakaona ndani yake muhtasari wa mahusiano yote ya kitabaka.

Lakini Sembène hakuishia hapo. Baada ya riwaya kadhaa alitambua kwamba wale aliowaandikia hawakuweza kumsoma, kwa kuwa aliandika Kifaransa na wengi wao hawakujua kusoma lugha yoyote. Akiwa na umri wa miaka karibu 40 alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu, na mwaka wa 1963 akatoa Borom Sarret, filamu fupi kuhusu mwendesha mkokoteni wa farasi wa Dakar. Mtu huyu anapothubutu kumpeleka abiria katika mtaa wa matajiri, polisi wanautwaa mkokoteni wake. Mstari unaogawa mji katika tabaka mbili hauelezwi kwa hotuba. Kamera inauvuka pamoja na magurudumu. Filamu hiyo ilihitaji farasi, mkokoteni, mkanda, fedha na watu waliokubali kusimama juani. Kila kimoja kilikuwa na bei, na mwelekezi aliijua. Hicho ndicho kinachokusudiwa hapa kwa jicho la mtengenezaji filamu: jicho ambalo halioni taswira bila kuona gharama yake. Wala si kwamba filamu ni sanaa bora kuliko riwaya.

Na lielekezwe jicho hilo kwa Siku Njema (1996). Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba yake, na safari yake inamfikisha Kitale. Katika riwaya sentensi haitozwi nauli. Mtunzi huandika kwamba kijana amefika, naye amefika. Mtengenezaji filamu anayetaka kuupiga picha ujio huo lazima aulize maswali ya aibu: kijana maskini alivukaje mpaka, alikula nini, alilala kwa nani, viatu vyake vilikuwa katika hali gani alipoingia mji wa Kitale? Wahakiki wameiita safari hii "msako wa utambulisho", na msako huo kweli umo. Ila neno hilo zuri limeufunika umaskini wa msafiri kama shuka safi juu ya kitanda kibovu.

Kitale yenyewe haikosi la kuonyesha. Tawi la reli lilifika huko mwaka wa 1926, likiwahudumia walowezi waliogawiwa mashamba ya Trans Nzoia. Mwaka huo huo mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alianzisha makumbusho yake binafsi: wadudu, ndege, vitabu, na vifaa vya wenyeji. Baada ya kifo chake mwaka wa 1966 mkusanyiko huo ukawa msingi wa makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mjini humo mwaka wa 1974. Hapana sababu ya kumbeza Stoneham; alikuwa mtu mwenye udadisi, na bila yeye mengi yangepotea. Lakini udadisi wa namna hiyo huhitaji jioni zisizo na kazi, na jioni za mlowezi zilitokana na mchana wa watu wengine. Wabukusu waliotoka upande wa Bungoma kwenda kufanya kazi katika mashamba hayo kama maskwota walitoa siku zao za kazi ili wapate ruhusa ya kulima kishamba na kulisha ng'ombe wachache. Nyimbo walizoimba wakipalilia hazikukusanywa katika kabati lolote. Isitoshe, kwa desturi ya makumbusho ya enzi ile, jina la mkusanyaji hudumu na jina la mfinyanzi hupotea. Chungu huandikwa kabila, wala hakiandikwi mtu. Majisifu alikuwa na watangulizi wa heshima.

Kutoka Kitale mtazamaji akishuka kuelekea Bungoma atafika Webuye, na hapo hoja hii hupata ushahidi wake mzito zaidi. Kwa miongo mitatu na zaidi, tangu 1974, kiwanda cha Pan African Paper Mills kilitengeneza karatasi kando ya mto Nzoia, na Kenya iliitegemea sana karatasi hiyo kwa vitabu na daftari zake. Wakazi walilalamika kuhusu harufu, kuhusu maji ya mto, na kuhusu mabati ya nyumba zao yaliyoliwa na moshi hadi yakatoboka. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2009, na maelfu waliokitegemea wakabaki na mji uliopoa. Wilaya iliyomzaa mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiswahili ilikuwa pia wilaya iliyotengeneza karatasi, na katika rundo lote la makala zilizoandikwa kuhusu "mazingira na fasihi" ni nadra kuyakuta mambo haya mawili katika sentensi moja. Mhakiki anaisoma karatasi ya Webuye bila kuiona. Mwanafilamu angeanza na lile bati. Angelipiga picha kutoka ndani ya nyumba, mwanga ukipenya katika vitundu, na juu ya meza mtoto akiandika insha.

Huenda mtu akasema kwamba ukosefu wa usawa katika sanaa uliletwa na mkoloni na kiwanda, na kwamba fasihi simulizi ilikuwa ya jamii nzima. Dai hili limerudiwa mno hata limekuwa sala. Kumuse, ile hotuba ya maombolezo ya Wabukusu, ni miongoni mwa sanaa adhimu za eneo hili. Mzungumzaji hutembea huku na huko mbele ya waombolezaji, akikariri historia ya ukoo na kuwaasa waliobaki. Lakini kumuse haifanywi kwa kila maiti. Huwa ni ya wazee wenye hadhi, na mzungumzaji ni mwanamume aliyeirithi kazi hiyo. Mwanamke aliyelima maisha yake yote, na skwota aliyekufa katika shamba la mtu mwingine, hawakusomewa historia. Anayeisifu fasihi simulizi kwa usawa ambao haikuwa nao anaidhulumu mara mbili: anaipunguzia ukweli wake, na anawafuta tena wale ambao sanaa yenyewe iliwaacha nje.

Siku hizi katika mazishi ya mwenye nacho, huko Bungoma kama Kitale, kumuse hupigwa picha kwa kamera mbili tatu. Wapiga video wa harusi, matanga, tohara na kampeni za siasa ndio wanafilamu halisi wa miji hii, ingawa hakuna idara ya fasihi inayowahesabu. Wanajua mwanga wa saa nne asubuhi, wanajua kumfuata msemaji asiyesimama mahali pamoja, na wanajua kwamba picha ya mjane haikatwi kabla hajamaliza kulia. Wanachokosa ni uhuru wa kuchagua wa kumpiga picha, kwani humpiga anayelipa. Endapo kanda ya hotuba hiyo itasambazwa au kuuzwa, je, mali ni ya nani: ya mzungumzaji, ya ukoo, ya mwenye kamera, au ya familia iliyolipa? Swali la Amani limerudi. Wahakiki wa fasihi simulizi, ambao wenyewe wamerekodi wazee vijijini na kuyatia maneno yao katika tasnifu zenye majina yao, wangepaswa kulikabili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ama kuhusu filamu zenye majina makubwa, hali yake si nyoofu. Saikati (1992) ya Anne Mungai ilitegemea kwa sehemu msaada wa wakfu wa Kijerumani. Nairobi Half Life (2012) ya David Gitonga ilitokana na warsha iliyoanzishwa na mwelekezi Mjerumani Tom Tykwer na wenzake. Mhusika wake Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza kanda za filamu kwa kuziigiza mbele ya wanunuzi. Hajawahi kupanda jukwaa, na tayari ni mwigizaji kamili. Ni filamu nzuri, na pale mwanzoni imelisema jambo ambalo vitabu vya nadharia huzunguka bila kulifikia: kipaji kimejaa vijijini, ila mlango uko mjini na ufunguo uko ng'ambo. Sasa msaada una ladha zake. Mfadhili wa mbali hupenda ufukara uonekane, uwe na sura, ulie, na uishe katika dakika 90. Mwanafilamu chipukizi wa Bungoma anajifunza mapema kwamba umaskini wa mama yake ndio pasipoti yake. Akitaka kupiga picha kichekesho kuhusu diwani anayeogopa bata, hapati senti.

Na asiyetafuta fedha za nje hukutana na serikali. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza iliyotungwa mwaka wa 1962, mkesha wa uhuru, ilimtaka mwombaji wa leseni awasilishe maelezo kamili ya matukio na maneno yote yatakayosemwa katika filamu kabla ya kupiga picha. Sharti hili huonekana la kiofisi tu. Kwa hakika ni chujio la kitabaka, maana linamtambua yule tu mwenye mswada, taipureta na karani. Mzungumzaji wa kumuse asingeweza kulitimiza hata angetaka, kwa kuwa maneno yake hayapo hadi ayaseme. Sheria hiyo hiyo iliukuta mchezo wa kuigiza ukiwa jirani wa filamu, na majirani hao wameadhibiwa pamoja. Shule ya Wasichana ya Butere, katika kaunti ya Kakamega inayopakana na Bungoma, ilizuiwa mwaka wa 2013 kuupeleka mchezo wa Shackles of Doom katika tamasha za kitaifa, mchezo uliohusu mgawanyo dhalimu wa mali, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia. Mwezi wa Aprili 2025 shule hiyo ilifika Nakuru na mchezo mwingine wa mtunzi yule yule, Cleophas Malala, Echoes of War. Polisi walitumia vitoa machozi; wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Itakuwa kichekesho cha huzuni iwapo mhakiki wa kesho ataiandikia tamthilia hiyo sura ya "maudhui ya utabaka" kutokana na maandishi peke yake, bila ule moshi.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza husema kwamba uhakiki ukianza kuhesabu bei ya karatasi na nauli utageuka kuwa uchumi wa hali ya chini, na sanaa itasahaulika. Pingamizi hili lina haki kidogo. Kuna uandishi wa aina hiyo, ambao huorodhesha wafadhili na kuona umehakiki. Lakini mifano iliyotangulia inaonyesha kinyume: ni pale gharama inapotazamwa ndipo ufundi wa Walibora katika kuuita mswada ulioibwa kwa jina la riwaya yenyewe unapofahamika. Fani imefunguliwa na swali la kimaada, haikufungwa nalo.

La pili ni la kidesturi: filamu si fasihi, na idara za Kiswahili hazina ujuzi wala vifaa. Hilo la vifaa ni kweli, nalo ni sehemu ya jambo linalojadiliwa. Hilo la kwanza halina msingi. Kwa miaka mingi watu wa vibanda vya video wamezipokea filamu za kigeni kupitia sauti za wafasiri wao: Lufufu nchini Tanzania, VJ Jingo nchini Uganda, DJ Afro nchini Kenya. Hawa wameitwaa hadithi ya mtu mwingine, wakaipa Kiswahili, au Kiganda kwa upande wa Uganda, wakaipa utani, majina mapya na hukumu mpya, na wasikilizaji wao wamekuwa wengi kuliko wasomaji wa riwaya yoyote ya Kiswahili. Mtaalamu wa fasihi simulizi aliyebobea katika nadharia ya utendaji akipita mbele ya kibanda kama hicho pasipo kuingia, ujuzi wake umemfaa nini?

Ipo pia sura ya wizi ambayo Kidagaa Kimemwozea yenyewe haikuifikia. Vitabu teule hudurufiwa kinyume cha sheria na kuuzwa kwa bei ya chini, na nakala zake husambazwa kwa simu. Wachapishaji wanaita uharamia, nao wana haki, kwani mtunzi hukosa mrabaha wake. Wahakiki nao, wanapolitaja jambo hili, huwaweka katika kundi moja Majisifu na mwanafunzi wa Kitale ambaye babake hana fedha za kitabu na mtihani uko mlangoni. Hapo ndipo uchambuzi wa kitabaka ungepaswa kufanya kazi yake, na ndipo unaponyamaza. Majisifu aliitwaa kazi akafuta jina la aliyeitunga. Mwanafunzi yule ameshika kurasa zilizofifia, zilizobanwa kwa pini mbili, ukurasa wa mwisho haupo, na juu yake bado limeandikwa jina la Ken Walibora.